Uwanja wa ndege Dodoma hadi mjini: shangazi katozwa elfu 25 kabla hajamaliza kufunga mkanda

#1 Zabibu Kavu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Alhamisi iliyopita shangazi yangu katua Dodoma kwa ndege kutoka Dar. Anakaa Karakata, ndege zinapita juu ya bati lake tangu sisi watoto, ila hakuwahi kuipanda hata siku moja. Safari hii hakukuwa na namna. Goti lilipasuliwa mwaka jana, kulikunja ndani ya basi kutwa nzima ni mateso, na SGR, ile treni ya umeme, tulizubaa hadi tiketi za siku ile zikaisha. Ukoo mzima tukajikamua, akakatiwa ndege.

Kazi ya kumpokea nilipewa mimi. Nikachelewa dakika ishirini. (Msinianze, ukoo umeshanianza.) Nafika uwanjani, naangaza huku na huku, hayupo. Napiga simu.

"Baba, mie nishafika mjini."

"Mjini wapi, shangazi?"

"Sijui pakoje, pana bustani na sanamu ya Mwalimu."

Kumbe katoka nje, kaulizwa anakwenda wapi, kasema mjini. Akapelekwa mjini. Elfu 25! Maneno yake mwenyewe: "Nilikuwa bado nahangaika na mkanda, kijana akaniambia mama tumefika."

Kwa ambao hamjafika huku: uwanja wetu hauko karibu na mji, uko ndani ya mji. Kutoka getini hadi Nyerere Square, ndiyo bustani hiyo ya sanamu, hazifiki kilometa tatu. Ukiwa huna mzigo na jua halijachachamaa unatembea tu, unafika na maongezi hayajaisha. Wa Area C na Area D wanaijua habari hii: ndege ikipita mnanyamaza kwanza, ikishapita mnaendelea na ugomvi wenu.

Sasa linganisha na Dar. JNIA, uwanja wa ndege wa kule, hadi Posta katikati ya mji ni kilometa kama 12. Hata na ile flyover ya Mfugale pale Tazara iliyofunguliwa 2018, jioni ya mvua unaweza kukaa barabarani muda mrefu kuliko uliokaa angani kutoka Dodoma. Teksi wa pale akikutajia elfu 30 utanung'unika, lakini utamwelewa: kuna umbali, kuna foleni, kuna mafuta. Huku kwetu kuna nini?

Mimi nikitua nafanya hivi. Begi mgongoni, sisimami mlangoni, naenda moja kwa moja hadi nje ya geti. Bajaji na boda hazikosekani. Boda hadi Uhindini au Sabasaba nampa 2,000. Bajaji ya kukodi 4,000, na akianzia 7,000 namuuliza kama ananipeleka Kondoa. Programu za kuita gari kwa simu nazo nimejaribu. Dereva anapiga kwanza kuuliza unakwenda wapi na unalipa keshi au vipi, ukimtajia Uhindini anapotea hewani.

Maswali yangu mawili. Elfu 25 kwa safari ile inatoka wapi? Na ule uwanja mpya wa Msalato, nje ya mji, ukianza kazi, sisi tusio na gari la ofisi tutafanyaje?

#2 Kota Mbili

Hiyo ni bei ya Bunge mkuu. Bunge la bajeti linaanza Aprili hadi mwisho wa Juni, na miezi hiyo kila mwenye kitambi anayeshuka kwenye ndege anaitwa mheshimiwa. Shangazi alivaaje?

#3 Zabibu Kavu

Kitenge cha harusi, miwani ya jua na mkoba wa kung'aa. Mara ya kwanza kupanda ndege jamani, ulitaka avae kanga?

#4 Kota Mbili

Kesi imeisha. Viti maalumu huyo.

#5 Upepo wa Mlimwa

Nje ya mada kidogo, wa Dar mnisikie. Mji huu uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai ukitua asubuhi na shati la mikono mifupi, ule upepo wa pale nje utakufanya uingie gari lolote kwa bei yoyote. Mtu anayetetemeka hajadili bei. Sweta liwe kwenye begi la mkononi, si kwenye lile ulilolikabidhi.

#6 Usukani wa Makole

Mimi ni dereva wa teksi na naegesha uwanjani. Siyo mimi niliyembeba mama, wala simjui aliyembeba. Nilitaka kupita kimya, ila nimeona nijibu hilo swali la kwanza maana mnatuhukumu kwa kilometa, na sisi hatuli kilometa.

Ndege zinazoshuka hapa kwa siku ni za kuhesabu. Nafika mapema kushika foleni. Ndege inatua, watu wanatoka, moyo unadunda. Angalia wanaotoka: huyu kafuatwa na VX ya wizara, yule gari la taasisi, yule mkewe yuko kwenye maegesho na watoto, huyu kijana wa begi la mgongoni (ndiyo wewe Zabibu) anatupita kama hatuoni anaelekea getini. Wanabaki wachache, na sisi tuko magari kibao. Zamu yangu inafika nampata mtu anasema "Uhindini". Nikimpeleka kwa elfu 5 nitarudi baada ya dakika kumi na tano na kujipanga mkiani. Ndege inayofuata huenda ni ya jioni. Kwa hiyo ile elfu 5 ndiyo hesabu yangu ya nusu siku, na tajiri mwenye gari anataka hesabu yake jioni hiyohiyo, hajui habari za Uhindini.

Ndiyo maana abiria wa karibu tunamkwepa na wa mbali tunamgombania. Wa Mtumba kwenye Mji wa Serikali, wa UDOM (chuo kikuu), wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, wa Ihumwa. Mtumba ni kilometa 17 kutoka katikati ya mji, na elfu 25 ya Mtumba hainisumbui dhamiri.

Alichofanya mwenzetu ni kumtoza mama bei ya Mtumba akamshusha Nyerere Square. Huo ni wizi, sina jina jingine. Ila Zabibu, angalia na neno alilosema mama. "Mjini." Dodoma hii neno hilo halina anwani. Mwanafunzi wa UDOM akisema mjini ana maana Sabasaba. Aliyekuja na basi akashuka Nane Nane kule Nzuguni akisema mjini, bado ana safari nyingine nzima mbele yake. Mgeni wa semina akisema mjini anaweza kuwa anautaka Mji wa Serikali, nimeshawapeleka watu Uhindini wakanigombeza kwamba mkutano uko Mtumba. Sasa abiria akitamka mjini, bila mtaa, bila jengo, dereva anajua mambo mawili papo hapo: huyu hajui anakokwenda ni umbali gani, na hajui bei. Mwenye roho nzuri anauliza "mjini sehemu gani mama?" Mwenye njaa anawasha gari.

Semeni mtaa. "Nishushe Dodoma Hoteli, karibu na stesheni ya zamani." Ukitamka hivyo na kwa lafudhi hata ya Kilwa, sikutajii elfu 25. Nitakutajia kumi, utaniambia sita, tutamalizana saba.

#7 Zabibu Kavu

Mkuu, nilikuja na panga, umenipokonya. Ila mwenzenu arudishe hata elfu 15.

#8 Usukani wa Makole

Akirudisha nitakujulisha. Usiache kupika ukimsubiri.

#9 Ng'ong'ona

Mimi nilitembea kutoka uwanjani hadi Sabasaba kupanda daladala ya chuo. Ushauri: usitembee na begi la magurudumu. Nilifika na begi, magurudumu yalibaki njiani kwenye mchanga. Boda wa 2,000 angenitoka rahisi kuliko begi jipya.

#10 Mtumishi wa Mtumba

Usukani wa Makole kasema kweli tupu na mimi ni shahidi.

Nilihamia huku 2017 kwenye lile wimbi la serikali kuhama. Natua, namwambia dereva nipeleke wizarani. Akacheka. Wizara nyingi wakati ule zilikuwa zimejibanza kwenye majengo ya UDOM, kwa hiyo "wizarani" ilikuwa chuoni, mlimani huko, unapishana na wanafunzi wamebeba ndoo. Miaka miwili baadaye, 2019, Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, tukafungasha tena. "Wizarani" ikahama upande. Dereva aliyekuwa ananijua akanipeleka UDOM kwa mazoea, tukageuza. Katikati hapo, 2018, Dodoma ikatangazwa jiji. Neno likawa kubwa, mjini kukazidi kutawanyika.

Wageni wetu kutoka Dar wanafanya kosa moja kila siku. Wanatua, wanakwenda kulala hoteli ya katikati ya mji kwa sababu ndiko walikozoea kuona hoteli, asubuhi mkutano Mtumba, jioni kurudi, kesho hivyohivyo. Kwa siku tatu pesa ya teksi inazidi ya chumba. Kama kikao chako ni Mtumba na huna gari la ofisi, panda daladala za barabara ya Dar asubuhi na wenzako, au lala pande za Ihumwa au Nzuguni. Kama huna shughuli Mtumba, usikubali mtu akuambie hoteli fulani "iko mjini tu". Uliza mtaa.

Kuhusu Msalato. Wengi wanaulizia barabara ya Arusha hadi mjini, lakini tazameni ile barabara ya mzunguko wa nje, ya kilometa 112.3. Inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu na kurudi Nala. Veyula na Msalato ni majirani. Maana yake mtu atatua Msalato, atashika mzunguko pale Veyula, atatokea Mtumba, atafanya kikao, atarudi kwa njia ileile. Anaweza kuja Dodoma mara kumi asiione Nyerere Square. Sijui wauza ubuyu wa pale wanalijua hilo.

#11 Kota Mbili

Shangazi wa Zabibu atakuwa mheshimiwa wa mwisho kula ubuyu pale.

#12 Msafwa wa Uyole

Ndugu zangu wa Dodoma, njooni muulize Mbeya, sisi tulishatangulia.

Uwanja wetu wa zamani ulikuwa mjini kama huo wenu. Unashuka, unafika nyumbani chai haijapoa. 2012 Songwe ukafunguliwa, zaidi ya kilometa 20 kutoka mjini. Uwanja mzuri, ndege kubwa zinatua, hakuna anayeukataa. Lakini siku ya kwanza niliyotua pale nilitajiwa bei nikadhani ananiuzia gari. Nikamwambia, kilometa ishirini tu hizi. Akanijibu: "Ishirini za kwenda na wewe, na ishirini za kurudi peke yangu." Pale nikaelewa. Uwanja ukiwa mjini teksi akikushusha anapata kichwa kingine palepale. Uwanja ukiwa porini anarudi mtupu, na ule utupu unaulipia wewe.

Tulichojifunza ni kuchangia. Mkiwa bado mnasubiri mizigo, unaangalia nani yuko peke yake, unamuuliza kwa adabu tu, "Kaka unaelekea Mwanjelwa? Tuchukue gari moja?" Wanne mkigawana inakuwa bei ya kibinadamu. Mwanzoni watu waliona aibu, aliyepanda ndege anaombaje kuchangia nauli? Aibu ilikwisha. Nimepata hadi mteja wa mpunga kwa njia hiyo.

Jingine: Songwe haiko mbali na barabara kuu ya Tunduma, mwenye begi dogo anajisogeza barabarani anadaka daladala. Msalato nao uko kwenye barabara kuu ya kwenda Kondoa na Babati. Mtu wa huko atuambie, kutoka jengo la abiria hadi kwenye lami kuu mtu anatembea au anahitaji boda? Hilo ndilo litakaloamua kama asiye na pesa atautumia uwanja au ataishia kuutazama.

#13 Bibi wa Veyula

Nawasoma tu wajukuu. Mnauzungumzia Msalato kana kwamba ni mwezini, sisi tunakaa huku.

Usafiri wa huku hadi mjini upo tangu zamani. Asubuhi wanafunzi, mchana akina mama na matenga ya nyanya, jioni kila mtu na kuku wake. Mtu wa sanduku la ndege akipanda atalipakata, hakuna mahali pa kuliweka, na konda atamtoza kiti cha pili. Wakitaka watu wa ndege wapande waweke gari lenye nafasi ya mizigo na linaloondoka ndege ikishatua, siyo linalosubiri lijae. Gari la kusubiri lijae na ndege haviendani.

Halafu hamjasema Jumamosi. Jumamosi ni mnada wa Msalato. Ng'ombe na mbuzi wanaingia, na kutoka mjini yanakuja magari ya walaji nyama yanapaki hadi kwenye mitaro. Mtu mwenye ndege mchana wa Jumamosi aondoke mapema. Au aje mapema zaidi ale kwanza, nyama ya mnadani siyo ya hoteli.

#14 Upepo wa Mlimwa

Bibi tunakuja Jumamosi.

Kuna mtu amenitumia ujumbe pembeni ananiuliza kwa nini tuhame wakati uwanja wa sasa uko karibu hivi. Sababu ni hiyohiyo, kwamba uko karibu. Umebanwa na nyumba. Msalato njia ya kurukia ina kilometa 3.6, ndege kubwa za masafa marefu zinatosha. Hapa mjini ukitaka kuipata hiyo itabidi uvunje mitaa ya watu.

#15 Reli Mpya

Mnajitesa bure. Tangu SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024 mimi ndege nimeiaga. Nauli ya kawaida ilianza 31,000. Nafika Dar katikati ya mji kabisa, siyo Kipawa.

#16 Zabibu Kavu

Kwa upande wa Dar nakubali asilimia mia. Na hata huku Dodoma nimegundua kitu baada ya kumsoma Usukani wa Makole. Treni inamwaga mamia ya watu kwa mpigo, wengi hawana wa kuwapokea, kwa hiyo bajaji wanajaa na wanagombania, bei inashuka yenyewe. Nimeshuka pale nikaitwa na bajaji watano, kila mmoja anapunguza buku. Uwanjani wanatoka wachache, nusu wana VX, waliobaki ndio wanaobeba hesabu ya siku nzima ya wote walioegesha. Nilidhani teksi wa uwanjani ana roho mbaya kuliko bajaji wa stesheni.

#17 Usukani wa Makole

Wengine wana roho mbaya pia, usitusafishe wote.

#18 Zabibu Kavu

MREJESHO

Shangazi karudi Dar jana Jumapili. Asubuhi nimewasha gari la rafiki nililoazima, nimelifuta vumbi, namsubiri nje. Akatoka na mkoba wake ule wa kung'aa, akasema hapandi. "Wewe unachelewa." Kumbe siku ile amekaa kwenye benchi pale Nyerere Square akinisubiri alifanya urafiki na kijana wa bajaji, akachukua namba. Kijana alifika dakika kumi kabla ya muda. Tukaongozana, yeye kwenye bajaji mbele, mimi nyuma na gari tupu kama msafara. Alilipa 3,000 na kijana akambebea begi hadi mlangoni.

Jioni akanipigia. Katua salama, nje wamemzunguka madereva kama kawaida ya pale.

"Wakaniuliza, mama unaelekea mjini? Nikawaambia mie siendi mjini, nakwenda Karakata."

"Wakasemaje?"

"Wakatawanyika wote baba. Nimepanda bajaji, nishakoga, nakula."